Wangecheza mbele ya viti vitupu

Ndugu Mhariri, heshima yako na pole na majukumu. Nimekuwa nafuatilia kwenye ukurasa huu wa barua watu wanavyobishana kuhusu shule ikificha kesi ya mwalimu anayeharibu watoto, eti ifungiwe shule nzima au ashughulikiwe mwalimu peke yake, na kila mmoja ana hoja yake. Sasa mi naomba niwaletee kesi moja ya mbali lakini niliishi karibu nayo, maana swali hilohilo kule liliulizwa likajibiwa vibaya, kwa maoni yangu lakini.

Nazungumzia Penn State, chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, Marekani, ambako kocha msaidizi wa timu ya mpira alidhalilisha watoto na wakubwa wakakaa kimya. Mi kati ya 2008 na 2015 nilikuwa jimbo hilohilo, mji mwingine, kazi yangu kufanya usafi usiku kwenye majengo ya ofisi. Kwa asiyejua, timu ya chuo kule sio kama mechi zetu za vyuo zinazoangaliwa na watu arobaini na muuza karanga. Uwanja wao, Beaver Stadium, unaingiza watu zaidi ya 106,000, yaani hata Mkapa ijae mpaka juu haifiki, na huo uwanja uko kwenye kamji kadogo katikati ya milima kanaitwa State College ambako usipokuwa na shida na chuo huna cha kukupeleka. Mpira wenyewe ni ule wao wa kuvaa helmeti na kubeba mpira mkononi. Nilienda mara moja tu, Oktoba 2010, kwa lifti ya jamaa mmoja wa Mombasa, tukakuta watu wamelala kwenye magari tangu juzi yake, saa mbili asubuhi wanachoma nyama kwenye parking na baridi lile, wazee kwa watoto nguo za bluu na nyeupe. Nikauliza kwa ushamba wangu huyo Joe Paterno ni nani, mama mmoja akaniangalia kama nimemtukania mzazi.

Paterno alikuwa kocha mkuu tangu 1966. Misimu 46, ushindi 409, maktaba ya chuo ina jina lake, nje ya uwanja walimsimamishia sanamu ya shaba kidole juu. Chuo kina duka lake la aiskrimu na kuna ladha imepewa jina lake, na msaidizi wake wa miaka mingi, Jerry Sandusky, naye alikuwa na ladha yake, ya ndizi na karanga. Ile ya ndizi niliila mimi, vikombe viwili. Mwaka uliofuata walivyoitoa kwenye menyu nikakumbuka na tumbo likavurugika, sijui kwa nini, aiskrimu haina kosa.

Sandusky alikuwa na shirika la kusaidia watoto wa familia zenye shida, The Second Mile, alilianzisha 1977, na humohumo ndo alikuwa anawapata aliowadhalilisha. Mwaka 1998 mama mmoja aliona mwanawe karudi nyumbani nywele zimelowa, kuuliza akaambiwa ameoga na kocha. Yule mama hakunyamaza, alienda polisi, wakachunguza, kesi haikufunguliwa. 1999 jamaa akastaafu kwa heshima zote, ofisi kaachiwa, funguo kaachiwa, anaingia na kutoka kwenye majengo ya timu na watoto anavyotaka. 2001 kijana mmoja kwenye benchi la ufundi, Mike McQueary, akamkuta na mtoto bafuni usiku. Akamwambia Paterno, Paterno akamwambia mkurugenzi wa michezo, mkurugenzi huyo na makamu wa rais wa chuo na rais mwenyewe wakakaa, kwanza wakapanga kuripoti kwa ustawi wa watoto, kisha wakabadilisha mawazo. Barua pepe zao zipo. Rais wa chuo, Graham Spanier, aliandika kwamba ubaya wa hiyo njia ni mmoja tu, kama jamaa hatasikia halafu wao waje kuonekana na kosa la kutoripoti. Yaani mtoto yuko bafuni na hesabu inayopigwa ofisini ni ya nani ataumbuka! Wakamwambia tu Sandusky asilete watoto kampasi. Mpaka 2011 ndo akakamatwa, miaka kumi baadaye.

Lakini Mhariri, kwenye ripoti ya Louis Freeh, aliyepewa kazi na chuo kuichunguza kesi hii, iliyotoka Julai 2012, kurasa zaidi ya 260, kilichonikaa mimi sio hao wakubwa. Ni wafagiaji. Mwaka 2000, yaani kabla hata ya McQueary, mfanya usafi mmoja alimwona Sandusky na mtoto kwenye mabafu ya timu, akawaeleza wenzake huku anatetemeka, na wote wakaogopa kusema. Mmoja alieleza baadaye kwamba kuripoti ingekuwa kama kupambana na rais wa Marekani, wangefukuzwa wote, kwa sababu mpira ndo unaoendesha kile chuo.

Hilo mi nalielewa kuliko profesa yeyote. Mfanya usafi wa usiku una funguo za milango yote na hakuna mlango wenye jina lako. Una ndoo yako ya manjano ya magurudumu, dekio, na karatasi ya supavaiza ya kutiki vyoo ulivyomaliza. Ukifungua mlango ukamkuta mkubwa ndani, hata kama anafanya lisilofaa, anayesema samahani ni wewe. Nilikuwa hivyo miaka saba. Nilivyosoma hiyo sehemu nilikuwa kwenye basi narudi alfajiri, nikaangalia mikono yangu inanuka dawa ya vyoo nikajiuliza mi ningesema? Na makaratasi yangu ya kuishi kule yalivyokuwa kipindi kile? Sidhani bana. Ukweli usemwe.

Sasa adhabu. Tarehe 23 Julai 2012 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo kule, kikashusha rungu. Faini ya dola milioni 60, ambayo walisema ni sawa na mapato ya timu ya mwaka mmoja. Miaka minne marufuku kucheza zile mechi kubwa za mwisho wa msimu. Skolashipu zikakatwa, kutoka 25 za wapya kwa mwaka mpaka 15. Na ushindi wote kuanzia 1998 mpaka 2011 ukafutwa, Paterno akapoteza 111 kwenye vitabu, wakati yeye mwenyewe alishafukuzwa kwa simu Novemba 2011 (wanafunzi wakaingia barabarani wakapindua gari la waandishi wa habari, kwa ajili ya kocha, sio watoto) na Januari 2012 akafariki. Siku moja kabla ya tangazo walikuja asubuhi Jumapili wakaweka uzio wakaing'oa ile sanamu.

Watu wengi wakapiga makofi. Mi nilipiga pia, siku ya kwanza. Halafu nikaanza kuangalia nani hasa anaumia. Mchezaji wa miaka 19 wakati ule, mwaka 2001 alikuwa na miaka minane, rika moja na waathirika kabisa, na ndo anaambiwa wewe hutacheza mechi kubwa. Kweli waliruhusiwa kuhamia vyuo vingine bila kukaa benchi mwaka, na hapo NCAA nawapa pongezi, wapo walioondoka, ila wengi walibaki. Skolashipu zilizokatwa je? Kule skolashipu ya mpira kwa mtoto wa maskini ni ada, chakula na kitanda, ukikata 10 kwa mwaka hujamkata Spanier, umewakata vijana 10 wasiojulikana ambao hata kulalamika hawawezi kwa sababu hawajui kama wangekuwa wao.

Na kufuta ushindi, hilo ndo lilinichekesha kabisa. Watu 100,000 waliona mechi, wakaimba, wakalewa, wakarudi nyumbani, afu unakuja miaka baadaye na ufutio unasema haikuwepo. Tena kufutafuta ndo lilikuwa tatizo lao toka mwanzo. Na haikudumu. Septemba 2014 wakaondolewa marufuku ya mechi za mwisho wa msimu, miaka miwili badala ya minne, Januari 2015 baada ya kesi mahakamani ushindi ukarudishwa wote, 409 ikawa 409 tena, na timu ya magongo ya barafuni ya chuo wakabandika namba hiyo kwenye helmeti. Watoto waliodhalilishwa hawakuwa na namba ya kubandikwa popote.

Wanaostahili hasa walipata nini? Sandusky, Juni 2012 alikutwa na hatia makosa 45 kati ya 48, akapigwa miaka 30 mpaka 60, huyo kamaliza. Wale wakubwa watatu ikasubiriwa mpaka 2017, na jela walikaa miezi miwili mitatu, Spanier yeye alienda kuitumikia 2021, miaka 20 baada ya ile barua pepe. Paterno hakushtakiwa na familia yake iliipinga ripoti ya Freeh, hilo niseme nisije kuonekana namsulubu marehemu, ila mwenyewe kabla hajafa alisema anatamani angefanya zaidi.

Ile milioni 60 siipingi. Ilielekezwa kwenye kuzuia na kutibu madhara ya unyanyasaji wa watoto, na chuo kililipa waathirika zaidi ya dola milioni 100 nje ya hiyo. Sawa. Ila pesa kwa chuo tajiri kama kile ni karatasi za mhasibu, shabiki hazimgusi, Jumamosi anakuja na nyama yake na bia yake kama kawaida.

Mi ningewapa adhabu tunayoijua sisi huku, ile ya CAF na FIFA: mechi bila mashabiki. Msimu mzima wa nyumbani, mechi saba nane, milango imefungwa. Mchezaji anacheza, skolashipu yake ipo, maskauti wanamwona, akishinda kashinda na haifutwi. Anayekosa ni yule aliyepindua gari, na yule tajiri mwenye boksi lake la vioo aliyekuwa anampigia rais wa chuo simu, na chuo chenyewe kinakosa mapato ya tiketi. Kosa lilikuwa nini kama sio kwamba watu laki moja wakikaa pamoja wanakuwa kitu kikubwa kiasi kwamba mfagiaji hawezi kufungua mdomo? Basi hicho kitu ndo ukiondoe uone kama chuo kitakufa. Hakifi. Jumatatu darasa lipo.

Na kwenye hukumu ningeandika sharti moja, mtu wa chini kabisa pale, wa usafi, wa jikoni, wa kufua jezi, awe na namba ya kupiga iliyo nje ya chuo, na akifukuzwa ndani ya miaka kadhaa baada ya kuripoti, chuo ndo kithibitishe kwamba hakikulipiza kisasi, sio yeye. McQueary mwenyewe, mtu wa benchi la ufundi mwenye wakili, alihangaika na chuo mahakamani mpaka 2016 ndo jopo la wananchi mahakamani likampa zaidi ya dola milioni 7 kwa alivyofanyiwa baada ya kusema. Sasa huyo wa ndoo ya manjano angefika wapi?

Najua mtaniambia mama wa hoteli na muuza fulana wa State College wanakula kwa hizo Jumamosi saba. Ni kweli na hapo sina jibu zuri. Wenye hoteli siku za mechi bei inapanda ukasikia kizunguzungu, hao siwaonei huruma sana, ila anayetandika vile vitanda analipwa kwa saa, mechi isipojaa anaambiwa kesho usije. Labda kipande cha faini kingebaki palepale kwa ajili yao. Sijalifikiria mpaka mwisho.

Kuna mpwa wangu nakaa naye hapa Mbagala, anapenda michezo yote mpaka ya mbwa walemavu kama ingekuwepo. Oktoba 2020 alinikurupusha saa nane na nusu usiku, ananiambia mjomba amka timu yako inacheza na Ohio State. Timu yangu! Tukakaa na simu yake, bando linakata, linarudi. Uwanja ni uleule, siti za chuma juu mpaka juu, tupu, wamo ndugu wachache wa wachezaji tu. Ulikuwa unasikia makocha wanavyofoka na mabega yanavyogongana. Walifungwa, na msimu ule walifungwa mechi tano za kwanza mfululizo.

Akaniuliza mashabiki wako wapi, nikamwambia korona. Akanyamaza kidogo, maana kesi yote hii nilishamsimulia na wazo langu alishalicheka siku nyingi, akarudia maneno yake ya siku zile, eti mjomba huwezi kufunga uwanja wa watu laki, Wamarekani wataandamana.

"Mbona wanacheza tu," akasema.

Wako katika usomaji,
Mfanya usafi mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam