Rukia, hiyo Orbulina imeporomoka

Mombasa, Jumapili jioni

Shoga yangu Rukia,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, joto tu ndilo linalotukomesha. Najua nimekaa kimya tangu Idi, utanigombeza tukionana. Jedwali lako la foraminifera wa kisimani (visukuku vya viumbe vidogo vya bahari vyenye ganda, kama Orbulina na Hantkenina) nimelipata kwa mkono wa Mishi, nikaona bora nikuandikie upesi kabla hujalifikisha kwa Mzee Shee, maana akiliona lilivyo hatakuacha upumue.

Neno lenyewe ni hili: Orbulina ya mita 700 si ya mita 700.

Umeandika Orbulina inaonekana kuanzia mita 210 hadi 700, na Hantkenina kuanzia 640 hadi mwisho wa kisima, 760. Halafu ukasema yote mpaka 700 ni Miosini (zama zilizokuja baada ya Eosini na Oligosini), na Hantkenina zilizo humo zimesombwa kutoka mwamba mkongwe. Sasa hesabu miaka. Hantkenina ilitoweka miaka milioni 33.9 iliyopita, na kutoweka kwake ndiyo alama ya mpaka wa Eosini na Oligosini, uliowekwa rasmi kule Massignano, Italia. Orbulina imeanza kama milioni 15.1. Hawa wawili hawakuonana katika bahari yoyote ya dunia. Kwa hiyo mmoja wao ni mgeni, na hapo tuko pamoja. Ugomvi wetu ni nani mgeni.

Wewe una vipande vilivyopandishwa na matope ya kuchimbia, kimoja kila mita 10, wala si nguzo nzima ya mwamba. Kuta za kisima hubomoka wakati wote. Udongo wa mita 300 unaanguka, unachanganyika na wa mita 690, na vyote vinapanda juu pamoja na kuingia katika mfuko mmoja wenye maandishi "690". Ndiyo maana kwenye vipande vya kisima tunashika mahali kiumbe kinapoonekana mara ya kwanza tukishuka, yaani mwisho wa maisha yake. Pale kinapoonekana mara ya mwisho tukishuka, yaani mwanzo wa maisha yake, hapaaminiki, kwa sababu kitu kikishaanza kuporomoka kitaendelea kuonekana hata kwenye mwamba uliokuwepo kabla hakijazaliwa. Mita 640 ya Hantkenina ina maana. Mita 700 ya Orbulina ni bahati tu ya ukuta uliobomoka.

Watu waliochimba kule Kilwa, Tanzania, wanaruhusiwa kutumia mianzo kwa sababu wao walitoa nguzo nzima, na udongo wao mfinyanzi haupitishi maji, ndiyo maana foraminifera zao zimebaki zinang'aa kama kioo. Lakini usiende Kilwa kutafuta Orbulina, mashapo yale yanaishia Oligosini ya mwanzo. Utakacholinganisha nao ni Hantkenina na wenzake.

Sitaki uniamini bure bure. Jedwali lako lina alama ya vema tu, ipo au haipo, na hilo halitoshi. Rudi kwenye mifuko ya kuanzia 600 hadi 760, gawanya kila mfuko kwa kigawanyio mpaka ubaki na kama foraminifera 300, uzihesabu zote. Ikiwa Orbulina ni mbili tatu tu, safi, na rangi yake haifanani na ya wengine waliomo, imeporomoka. Ikiwa Hantkenina zinaongezeka kadiri unavyoshuka, na Turborotalia cerroazulensis, foraminifera nyingine ya Eosini, imo pamoja nazo, ziko kwao. Zilizosombwa huwa chache, zimesuguliwa, na huja na mchanganyiko wa umri usioeleweka. Tena tazama miiba yake. Ile miiba hukatika hata kwa brashi. Ukikuta mzima mwenye miiba yake, sioni vipi alisombwa na mto au mkondo akafika salama.

Shahidi wa pili ni visukuku vya mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Chukua punje moja iliyo safi kutoka kila mfuko, ioshe, ikwaruze kwa kijiti cha meno kwenye tone la maji, itandaze nyembamba juu ya kioo, ikaushe, uigandishe, kisha uitazame kwa hadubini ya mwanga uliochujwa, ukuzaji mara 1000. Kila punje kijiti kipya, usibane matumizi hapo! Unatafuta Discoaster saipanensis, ile nyota, iliyotoweka kama milioni 34.4. Ikianza kuonekana mita 640 au chini yake kidogo, kesi imekwisha. Uzuri wa njia hii ni kwamba unachagua punje mwenyewe, kwa hiyo unaweza kuitupa ile ya rangi ya juu.

Ila kuna mtego. Kama Hantkenina, cerroazulensis na saipanensis zote tatu zinaanza kwenye mfuko uleule wa 640, usikimbilie kusema mwamba umekatika hapo. Kutoka 34.4 hadi 33.9 ni nusu milioni. Mfuko wako ni wa mita 10. Bahari ikitandaza chini ya mita 20 kwa miaka milioni, zote tatu zitaingia mfuko mmoja bila mwamba kukosekana hata kidogo. Kwa hiyo chora ile grafu ya Shaw ya 1964: kina cha Kilwa mlalo, kina cha kisima chako wima, kila kutoweka nukta moja. Nukta zikijipanga, mwinuko wa mstari unakuambia nani alitandaziwa haraka zaidi. Mstari ukilala, upande wako kuna muda usio na mwamba, au mwamba mwembamba mno. Nukta mbili hazitoshi kwa lolote, mtu yeyote anaweza kupitisha mstari kwenye nukta mbili.

Kuhusu kuosha, mambo machache tu. Gramu 100 hadi 200, kausha chini ya nyuzi 60, loweka kwenye maji yenye peroksaidi kidogo na usiiache ilale humo, kwa sababu kwenye udongo wenye pairiti (madini ya chuma na salfa) hugeuka tindikali na kula maganda. Ukiona udongo mgumu kama ule wa zama za Jura wa huku Miritini, ukaushe mpaka ndani kabisa, uloweke mafuta ya taa, uyamwage, kisha utie maji ya moto. Maji yanayasukuma mafuta na mwamba unapasuka. Fanya hivyo nje, tafadhali, si jikoni kwa mama mkwe. Chekeche liwe la mikroni 63, na baina ya mfuko na mfuko ulitumbukize kwenye rangi ya buluu ya methilini, ili punje iliyokwama kutoka mfuko uliopita ijulikane kwa rangi. Usitazame zilizozidi mikroni 125 pekee, maana Pseudohastigerina, foraminifera nyingine, baada ya mpaka wa Eosini na Oligosini hudumaa na zitakupita.

Ila narudi palepale: hata uoshe vipi, kuosha hakuondoi kilichoporomoka kisimani.

Sasa nijibu. Bomba la kukinga kuta za kisima liliteremshwa mita ngapi? Likiwa 450, kwa mfano, Orbulina ya juu ya hapo ilitakiwa izibwe, kwa hiyo ile ya 700 imetoka wapi baina ya 450 na 640, na kama imetoka huko basi kipande chote cha Oligosini kiko wapi? Daftari la wachimbaji analo nani, Fumo au bado liko kwa yule bwana wa Lamu? Kuna mahali waliandika kipenyo cha kisima kilipanuka? Vipande vya mwamba vya ubavuni mwa kisima vilichukuliwa hata vitatu? Na mifuko ilioshwa na wewe au na yule kijana? Mzee Shee anataka jedwali lini hasa, Jumatano au Alhamisi? Ukiweza nipe mfuko wa 630, 640 na 690, gramu 20 zinatosha, mpe Mishi akija Ijumaa.

Wasalaam,
Mwanaisha