Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu nawasilisha taarifa ya mwaka. Shughuli za kawaida mnazijua: tulibadilishana mbegu mara mbili, semina ya ukaushaji ilifanyika, ghala limepakwa rangi, na vikao vya kamati vilikuwa 9, viwili vikavunjika kwa kukosa akidi. Fedha atazieleza mweka hazina.

Muda wangu nitautumia kwenye jambo lililosemwa zaidi nje ya vikao kuliko ndani, yaani mbegu tulizopewa na benki ya taifa ya mbegu. Imesemwa kwamba mwenyekiti aliagiza anachokipenda yeye, na kwamba mbegu za chama zimegeuka mali ya watu watatu. Nimenyamaza mwaka mzima, leo nitajibu.

Maombi ya kwanza yaliandikwa kabla sijashika kiti hiki, na yalirudi na jibu la mstari mmoja: hakuna sampuli. Nilipoyasoma nikaona kasoro. Tuliomba choroko kwa jina la Phaseolus aureus na njugu mawe kwa jina la Voandzeia subterranea, majina yaliyonakiliwa kutoka faili letu la zamani. Choroko ilitolewa Phaseolus, jenasi (kundi la mimea ndugu) ya maharage, ikahamishiwa jenasi ya Vigna, ya kunde, mwaka 1954; njugu mawe zikafuata mwaka 1980. Tulikuwa tunabisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe alishahama. Nikaandika upya usiku mmoja, kwa mkono wangu, bila posho. Baada ya wiki 7 zikaja sampuli 12, zote za Vigna: kunde 6, choroko 4, njugu mawe 2, mbegu 50 kila kifuko. Sisemi haya ili nisifiwe.

Wapo waliosema kubadili majina ni mchezo wa wasomi. Nilileta kikaoni ua la choroko na ua la maharage, nikayapasua juu ya meza kwa wembe. Kwenye ua la maharage zile petali mbili za chini, zilizoungana mfano wa mtumbwi, zimejisokota kama kombe la konokono. Kwenye choroko zimepinda tu. Wajumbe 5 waliokuwepo waliona kwa macho yao. Wale 7 ambao hawakufika ndio wenye maneno mengi hadi leo.

Sasa nyanya. Hoja ya wenzetu ni kwamba nyanya ni ya jenasi ya Solanum, na Solanum imo kwenye Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Kijenetiki za Mimea kwa Chakula na Kilimo, unaorahisisha kupeana mbegu za mazao yaliyo kwenye orodha yake, kwa hiyo mwenyekiti, kwa kutoomba nyanya, amewanyima haki yao. Nusu ya kwanza ni kweli. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliiweka nyanya kwenye Solanum mwaka 1753, mwenzake Philip Miller akaitenga mwaka uliofuata kwa jina la Lycopersicon, na uchunguzi wa DNA wa miaka ya 1990 ukairudisha nyumbani. Lakini orodha iliyopitishwa pamoja na mkataba huo mwaka 2001, ya mazao na malisho 64, inapoitaja Solanum inataja viazi mviringo na biringanya. Nyanya haimo. Vigna imo, na ndiyo maana niliomba Vigna. Nyanya tungeweza kuzipata kwa makubaliano ya pembeni, yenye masharti ambayo sikuwa tayari kuyatia saini bila mwanasheria kuyapitia. Mwanasheria hulipwa, na malipo hutoka kwenye ada. Ada nitaifikia.

Kuhusu kugawana: mbegu 600 kwa wanachama 84 ni mbegu 7 kila mmoja na chenji kidogo. Kuku mmoja akipita, fungu lako limekwisha. Kamati ikaamua zizalishwe kwanza kwenye mashamba 3. Ndiyo, moja ni langu. Vigezo vilikuwa uzio, maji ya uhakika na ada iliyolipwa. Walioomba walikuwa 4, na wa nne ana deni la miaka mitatu. Isitoshe, mbegu hizi hutolewa kwa utafiti, uzalishaji wa aina mpya na mafunzo, na ukimpa mwingine lazima naye akubali masharti yaleyale kwa maandishi. Saini iliyoko benki ya mbegu ni yangu. Nisingeweza kuzigawa kiholela kama karanga za msibani.

Nakiri kwamba sampuli moja ya kunde ilipotea, na ilipotelea kwangu. Mvua kubwa ilinyesha siku ya pili baada ya kupanda, udongo ukaganda juu, zikachomoza 13 tu, na kidogo kilichovunwa kikaliwa na fukusi kabla hakijakauka vizuri. Mvua hiyo ilimnyeshea kila mtu. Sampuli 11 zilizobaki zimezaa vizuri, jambo ambalo sijasikia likizungumzwa.

Ada: kati ya wanachama 84, waliolipa yote ni 29, nusu 22, na 33 hawajatoa hata senti. Mkutano uliopita tulihudhuria 17. Baadhi ya hao 33 wamenipigia simu alfajiri kuuliza mbegu zao ziko wapi.

Mwakani tunatarajia, hali ikiruhusu, kuongeza sampuli, kuangalia uwezekano wa nyanya, na pengine kununua jokofu la kuhifadhia mbegu. Kamati itaendelea kulitafakari.

Fomu za kupokea mbegu ziko kwa katibu. Daftari la ada liko kwenye meza hiyohiyo, na litafunguliwa kwanza.

Naomba kuwasilisha.