Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Rufiji: kijiji kipewe nafasi kabla makubaliano hayajasainiwa

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Muhoro, Chumbi na vijiji vingine vya bonde, misaada ilihitajika kwa haraka. Masika mengine yatakuja na mashirika yatabisha hodi tena. Ombi letu ni moja: kabla wilaya haijasaini hati ya makubaliano na shirika lolote, hati hiyo iandike wazi ni mambo gani kijiji chenyewe kitaamua. Mradi ukishachorwa na bajeti ikafungwa, mkutano wa hadhara wenye karatasi ya mahudhurio hauwezi kuitwa ushirikishwaji.

Tuanze na mbegu, maana hapo ndipo kosa huumiza zaidi. Maji yakianza kupungua bondeni, mkulima wa Rufiji hupanda mlau, akitegemea unyevu uliobaki ardhini. Unyevu huo hausubiri mtu. Shirika linafanya tathmini, linaandika andiko, linatangaza zabuni, linasafirisha. Mbegu zinafika udongo umeshapasuka nyufa. Mahindi yale ya rangi nyekundu yametiwa dawa, hayafai hata kuliwa, kwa hiyo mfuko unabaki darini au unauzwa kwa bei ya kutupa. Wakulima wa bondeni wakiketi na shirika kabla ya masika, watataja aina ya mbegu, kiasi kwa ekari na wiki ya kupanda. Wauza pembejeo wa hapa hapa waorodheshwe mapema, na vocha zigawiwe maji yakiwa bado yamesimama. Jambo hili halihitaji fedha za ziada, linahitaji kalenda ya mkulima iingie kwenye mkataba.

La pili ni orodha ya walengwa. Orodha inayoandikwa kwa siku moja ofisini kwa kijiji huacha watu wale wale kila mara: aliyelala dunguni ng'ambo ya mto akilinda shamba, mke wa pili ambaye kaya imeandikwa kwa jina la mume, mpangaji, na mzee asiye na simu. Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982 imeshatupa chombo, nacho ni mkutano mkuu wa kijiji, wa wakazi wote waliofikisha miaka 18. Mkutano huo upitishe vigezo kwanza, kabla ya kutaja jina lolote. Kisha kila kitongoji kitaje kaya zake, majina yabandikwe hadharani kwa siku saba na kusomwa kwa sauti kwa wasiojua kusoma, ndipo mkutano wa pili uthibitishe. Wanaopokea malalamiko wasiwe wale waliochagua majina. Sanduku la maoni ambalo ufunguo wake anao anayelalamikiwa litabaki tupu, na ripoti itasema wananchi wameridhika.

Kuhusu maji, viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu, viitwavyo Sphere, vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku na watu wasiozidi 500 kwa pampu moja ya mkono. Mashirika huvitimiza siku ya makabidhiano. Miezi kadhaa baadaye mpira wa pistoni unalika, na mama anasukuma mpini mara nyingi kabla tone la kwanza halijatoka. Kwa pampu ya mkono aina ya Afridev, kubadilisha mpira huo ni kazi ya fundi wa kijiji mwenye spana yake, ila hakuna anayejua vipuri vinauzwa wapi wala fedha anashika nani. Sababu ni kwamba shirika liliunda kamati yake ya maji, nayo ikafa mradi ulipoisha. Sheria Na. 5 ya 2019 inatambua vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii chini ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Kisima kikabidhiwe huko, pamoja na vipuri vya kuanzia na fundi aliyefundishwa. Na kabla ya kuchimba, wazee waulizwe maji yalifika wapi. Alama ya tope kwenye shina la mwembe itaonyesha jukwaa la pampu linyanyuliwe kiasi gani.

Vikundi na asasi za hapa wilayani pia zitendewe haki. Tangu 2016, wafadhili na mashirika makubwa waliafikiana kuelekeza angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ya kibinadamu kwa watendaji wa ndani. Mara nyingi asasi ya hapa hupewa posho za shughuli tu, bila pango la ofisi wala mshahara wa mhasibu, kisha hulaumiwa kwa mahesabu mabovu. Asilimia ya gharama za uendeshaji anayopata mshirika mkubwa, mdogo naye aipate.

Tunaomba, Mheshimiwa, uitishe kikao kabla ya Machi, kiwe na watendaji wa kata, wenyeviti wa vijiji vya bonde, wakulima wa mlau wanawake kwa wanaume, RUWASA na mashirika yanayotaka kufanya kazi hapa. Rasimu ya hati isomwe kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, na nakala ibandikwe katika kila ofisi ya kijiji.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Watendaji wa miradi ya misaada, bonde la Rufiji