Njia ya diski ikikatika, amri za moja kwa moja zisisahauliwe

Mhariri,

Diski ya pamoja ikiunganishwa na seva kwa njia mbili, mfumo endeshi wa Linux huhamishia usomaji na uandishi wa kawaida kwenye njia nzima pindi nyingine inapokatika. Amri za SCSI (lugha ya kuwasiliana na diski) ambazo mashine pepe, yaani kompyuta ya kiprogramu ndani ya seva, huzituma moja kwa moja kwenye diski, zikiwemo za kujiwekea haki ya kuandika, Linux haizirudii yenyewe. Kosa humrudia mtumaji, na inaniuma kuona mashine ikikwama ilhali njia ya pili ni nzima kabisa. Toleo la 6.16 la Linux, la mwaka 2025, liliiwezesha QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, kuagiza njia zikaguliwe, kisha kurudia amri. Wasimamizi wasasishe Linux na QEMU, halafu wajaribu kwa kuchomoa kebo moja makusudi, mafundi wakiwapo.

Msimamizi wa seva,
Dodoma