Tukinunua tangi la kukuzia seli, tuulize linakoroga vipi

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme kitu kuhusu hizi habari za Kenya kujitengenezea chanjo na dawa. Kila siku tunasikia majengo, mabilioni, dozi ngapi zitatoka, lakini sijasoma mahali mtu akiuliza seli hai zinazotumika kuzitengeneza zitakorogwa na nini, na mimi nimefanya kazi lebu, hapo ndipo mambo huharibikia.

Chukua chanjo ya ng'ombe ya ugonjwa wa miguu na midomo, hii inatengenezwa hapa Embakasi. Virusi vyake havikui bila seli hai za mnyama, na zile zinatumika sana duniani zinaitwa BHK, zilitolewa kwa figo za vitoto vya hamster huko Glasgow mwaka wa 1961. Sasa seli ya mnyama si hamira. Hamira iko na ukuta mgumu, tangi la pombe unakoroga unavyotaka, lakini hii imefunikwa na utando laini tu. Usipokoroga zinazama chini zinakosa oksijeni, ukikoroga kama mtu anasukasuka maziwa kwa kibuyu zinararuka, na hata hewa unayopuliza ndani ndio zipumue, mapovu yakifika juu yakipasuka yanaua zile ziko karibu.

Nikiwa masomoni tuliongeza spidi ya kukoroga chupa ya seli jioni moja tukidhani zitakua haraka. Asubuhi tukachukua tone tukatia rangi ya bluu ya kupimia, seli hai huikataa hiyo rangi, iliyokufa huinywa, na kwa darubini ilikuwa bluu karibu kote. Wiki tatu za kazi tukatia jiki tukamwaga. Hiyo asubuhi sijaisahau mpaka leo.

Na njia za upole ziko. Kuna begi la plastiki linalowekwa juu ya meza inayoyumba taratibu kama mama anabembeleza mtoto. Kuna pia gurudumu lililosimama wima ndani ya chombo chenye tako la mviringo kama herufi U, nguvu inasambaa sawasawa, hakuna kona imelala na hakuna mahali pakali. Hiyo inasaidia sana seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine mwilini, zile mwanasayansi Yamanaka wa Japani alionyesha 2006 kwamba zinaweza kutengenezwa kutoka kwa seli za kawaida za panya, akapewa Nobel 2012. Zenyewe hukua zikishikana kwa vidonge vidogo vya seli, na ukikoroga polepole mno vidonge vinanenepa, katikati kunakosa hewa, ukizidisha vinavunjika.

Shida kubwa ni ukubwa. Kitu kimefaulu kwa lita moja kinakataa kwa lita 500, kwa sababu propela ya kukoroga ikiwa kubwa ncha yake inakimbia mbio zaidi hata kama mizunguko kwa dakika ni ile ile. Kwa hivyo wale wanaoandika tenda za hizi mashine, tafadhali muulizeni muuzaji kama hilo tangi kubwa liko na ndugu yake mdogo wa umbo lile lile, tujaribie huko kwanza kabla ya kumwaga pesa, na siku ya kuamua muite wale vijana wa lebu wanaoshinda na hizo seli usiku, wakae kwa hiyo meza, waulize maswali yao.

Msomaji wako,
Kahawa West, Nairobi