Tunamfuata msuluhishi tukiwa tumeshaumizana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Kila nikisoma habari za wafanyabiashara wabia wanaoburuzana mahakamani au mfanyakazi anayezungushwa miaka na kesi ya kuachishwa kazi roho inaniuma, maana njia hiyo nimeipita mwenyewe na najua inavyomaliza mtu.

Mimi na mwenzangu tulikuwa na biashara ya uchapaji, miaka 9 tuko pamoja, tukaja kukosana kwa ajili ya mashine. Yaani kwenye makaratasi ilikuwa ni mashine, ilinunuliwa kwa hela ya nani na nani aondoke nayo. Miezi 8 hatukusemeshana na tuko ofisi moja, nikiwa na neno namwambia sekretari naye anampelekea, jibu linarudi kwa njia hiyohiyo, mpaka yule dada wa watu akaacha kazi kwa sababu hakuna anayeweza kuishi vile kila siku. Mawakili wetu nao wanaandikiana barua, kila barua kali kuliko iliyotangulia na kila moja tunailipia.

Wakili wangu mwenyewe, namshukuru mpaka leo, ndiye aliyesema tujaribu msuluhishi kwanza. Nilikataa. Nilijua msuluhishi ni mtu wa kuja kutuambia haya peaneni mikono yaishe, na mimi sikutaka yaishe, nilitaka nishinde. Alinibembeleza wiki nzima ndo nikakubali, tena kwa shingo upande.

Yule mama aliyekuja hakutuambia tupeane mikono. Kwanza alitusainisha karatasi kwamba yatakayosemwa pale yanabaki pale, hata tukishindwana hakuna wa kuyapeleka mahakamani. Akatukalisha pamoja kama nusu saa, kila mtu akasema lake bila kukatizwa, halafu akatutenganisha vyumba viwili akawa anaenda huku anarudi kule, na unachomwambia ukiwa naye peke yako hakipeleki kwa mwenzio mpaka umruhusu. Hapo ndo nilipoelewa kwamba hii ni kazi ya watu waliosomea, siyo huruma tu ya mtu mzima mwenye busara.

Mchana akaja kwangu, akavuta kiti, akaniuliza taratibu, kipindi kile mwenzako anamuuguza mama yake, ulibadilisha nini benki? Nikanyamaza. Nilibadilisha watia saini wa akaunti, nikamweka kijana wangu, kwa sababu cheki zilikuwa zinakwama na wateja wanasubiri kazi zao, nikaona ni kitu kidogo nitamwambia akirudi, na sikumwambia. Alikuja kuambiwa na karani wa benki, amesimama dirishani na foleni iko nyuma yake. Yule mama akasema, ameniruhusu nikwambie hilo, na mashine amesema unaweza kubaki nayo.

Mhariri, hicho kitu hakikuwemo kwenye barua hata moja ya mawakili. Hakimu angelisoma faili letu lote akahukumu juu ya mashine, maana ndicho tulichokuwa tunampelekea.

Tulitoka jioni na kurasa 2 zenye sahihi. Mimi nimebaki na mashine, yeye analipwa sehemu yake kwa awamu 6, wateja wanaandikiwa barua moja kutoka kwetu wote, na nimemwomba radhi ya ile habari ya benki nikimtazama usoni. Biashara hatukurudiana, kila mtu alishika njia yake, ila leo tukikutana tunasalimiana na tunatumiana wateja.

Sasa kuna vitu watu wanavichanganya. Msuluhishi haamui nani ana haki, anayeamua ni mwamuzi au hakimu, msuluhishi anawasaidia nyinyi mfike kwenye makubaliano na mkishindwa mlango wa mahakama bado uko wazi. Halafu kazini unakuta bosi anamwambia meneja rasilimali watu awasuluhishe yeye na mfanyakazi, jamani, huyo meneja mshahara wake anaulipa nani? Mfanyakazi anaingia mle anaogopa na anatoka amesaini kitu asichokielewa. Lazima awe mtu wa nje ambaye pande zote mbili zimemkubali. Wenzetu wamelifanyia kazi hili, Uingereza tangu 2014 kesi nyingi za ajira huwezi kuzifungua kwenye baraza la kesi za kazi kabla hujapitia kwanza Acas, shirika lao la umma la kupatanisha waajiri na wafanyakazi, tena huduma yenyewe ni bure, na Afrika Kusini tume yao ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, CCMA, ina siku 30 za kujaribu kuwapatanisha watu kabla mgogoro haujasonga mbele.

Wengine wanadharau kwamba makubaliano ya usuluhishi ni karatasi tu. Siyo kweli, mkishasaini ni mkataba unaowabana kama mkataba mwingine, na kwa biashara za kuvuka mipaka upo Mkataba wa Singapore wa Umoja wa Mataifa ambao nchi 46 zilisaini siku ileile ulipofunguliwa Agosti 2019, ukaanza kufanya kazi Septemba 2020, nchi zilizouridhia zinatakiwa kuyatambua makubaliano hayo na kuyatekeleza.

Lakini sisemi kila kitu kiende huko. Mtu aliyedhalilishwa kingono au aliyepigwa kazini asilazimishwe kukaa meza moja na aliyemtendea. Na ukiwa kwenye mazungumzo angalia kalenda, maana nchi nyingi siku za kufungua malalamiko zinaendelea kuhesabika wakati nyinyi mnaongea, wapo waajiri wanaovuta vikao makusudi mpaka muda wako unakwisha.

Ombi langu kwako Mhariri ni moja. Kurasa zenu za biashara zinafundisha watu namna ya kuanzisha kampuni, kupata mkopo, kutafuta wateja. Tafadhali andikeni na kuhusu kile kipengele cha migogoro kwenye mkataba, kinavyoandikwa, msuluhishi anachaguliwa vipi na nani, ndani ya siku ngapi, gharama zinagawanywaje. Mkataba wetu sisi ulikuwa na kurasa 11 na hakuna mstari uliosema tukigombana tunafanyaje.

Msomaji wenu wa siku nyingi