Risala ya Klabu ya Jiografia kwa Mgeni Rasmi: Visiwa Vilivyozama

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi, wazee wetu wavuvi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwito wetu. Ramani utakazokagua leo ni za visiwa ambavyo havionekani tena juu ya maji lakini vimo vinywani mwa watu. Msimamo wa klabu ni kwamba simulizi la kisiwa kilichozama lisisadikiwe wala lisibezwe kabla ya kutiwa bildi, yaani kamba yenye risasi (kipande cha madini kizito) ya kupimia kina cha bahari.

Ramani ya kwanza ni ya Teonimenu, Visiwa vya Solomon, baina ya Ulawa na Makira. Wazee wa huko husimulia kwamba mume aliyenyang'anywa mkewe alinunua uchawi wa mawimbi katika kisiwa cha Guadalcanal. Alipewa miche ya magimbi: mingine ipandwe Teonimenu, mmoja abaki nao, na huo ukichipua ajue mawimbi yanakuja. Yakaja, kisiwa kikatoweka, walionusurika wakaelea hadi visiwa jirani. Mawimbi peke yake hayang'oi kisiwa cha mwamba. Lakini Visiwa vya Solomon viko pale bamba la Pasifiki, yaani kipande kikubwa cha gamba la dunia, linapokutana na bamba la Australia, na kisiwa kinaweza kukaa ukingoni mwa mteremko mkali chini ya bahari. Tetemeko likipiga, mteremko humomonyoka na kisiwa chake, na mporomoko huohuo husukuma maji yakawa mawimbi makubwa. Tunaona kosa la wengi ni kubishana juu ya uchawi na kuyasahau mawimbi, ambayo ndiyo ushahidi.

Kuwae, huko Vanuatu, ni habari ya volkano. Masimulizi yanasema visiwa vya Tongoa na Epi vilikuwa nchi moja, Kuwae. Kati ya visiwa hivyo, chini ya bahari, lipo shimo la volkano la kilomita 12 hivi kwa 6. Mkaa uliofukiwa na majivu umepimwa umri ukaelekeza karne ya 15, ingawa wataalamu bado wanabishana kama ulikuwa mlipuko mmoja mkubwa.

Huku kwetu hatuhitaji volkano. Miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi kuliko leo. Mkondo wa Unguja una kina cha makumi ya mita tu, kwa hiyo Unguja iliungana na bara. Mkondo wa Pemba una mamia ya mita, haukukauka. Anayedai mababu walikwenda Pemba kwa miguu, bildi inamkatalia.

Ndugu Mgeni Rasmi, Maziwe, mbele ya Pangani, kimetoweka wazee wakiona. Kilikuwa kisiwa cha mchanga juu ya matumbawe, chenye mivinje, na mazalia makubwa ya kasa. Miti ilipotoweka, mizizi haikushika tena mchanga unaosukumwa na kusi na kaskazi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilibaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Ukataji wa miti umetajwa miongoni mwa sababu. Kasa bado hupanda kutaga. Kiota kina mayai 100 na ushei, yanayohitaji siku 50 hadi 60 mchangani, na bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, huja kila wiki mbili. Yai hupumua kupitia gamba. Likikaa majini saa kadhaa, kijusi hufa. Ndiyo maana mayai huhamishiwa ufukwe wa Ushongo. Yahamishwe ndani ya saa chache baada ya kutagwa, bila kugeuzwa, kwa sababu kijusi kikishajishika kwenye gamba, kuligeuza yai ni kukiua. Shimo jipya liwe na kina kilekile, na liwe juu ya alama ya bamvua kuu.

Kazi tunayotaka kuanza ni ya mafungu mengine. Wazee watahojiwa mmoja mmoja, maana wakikaa pamoja simulizi huwa la mwenye sauti kubwa. Kila mmoja atataja alama za nchi kavu anazozipanga, mbili mbele na mbili ubavuni, kila mbili zikitoa mstari. Mistari miwili ikikatana ndipo mahali penyewe. Bildi itatiwa wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo, maji yakiwa yamesimama, kwani mkondo ukiilaza kamba, kina husomeka kikubwa kuliko kilivyo. Saa iandikwe kila kipimo, ili kujaa na kupwa kwa maji kuondolewe kwenye hesabu ya kina. Tofauti ya mita 3 za bamvua inatosha kubuni kisiwa. Tundu la chini ya risasi hupakwa shahamu ili linase mchanga, changarawe au tope.

Tunaomba kamba ya mita 60 yenye alama kila mita, risasi ya kilo 3, kinasa sauti, majaketi ya kuokolea, na nahodha atakayetuongoza kwa siku za maji mafu.

Tunaomba kuwasilisha.